Shajara ya mradi wa Wagagai: kuipima njia ya Sasa

Kazi yenyewe

Mradi huu una kazi moja: kuandika daftari la njia ya Sasa, ile inayoanzia Budadiri wilayani Sironko, ikapita msituni na kuishia juu ya miamba ya Wagagai, mita 4,321, kilele kirefu kuliko vyote vya Mlima Elgon. Daftari ni la watu wa huku: Mbale, Sironko, Tororo, Malaba, Busia. Tunauona mlima kila asubuhi mawingu yakiwa na huruma, tunakunywa maji yake, kahawa yake inasomesha watoto, na bado ukiuliza nani amefika juu utaonyeshwa Mzungu na wapagazi wake. Maelezo mengi yaliyopo yameandikiwa mtu aliyeshuka kwenye ndege akiwa na buti za bei ya pikipiki. Sisi tunataka ya fundi, muuguzi na dereva wa lori: atoke saa ngapi, avae nini, maji yako wapi, ageuke lini.

Tuko wanne wa kudumu. Afande ni mstaafu wa jeshi, mtu wa Arua aliyeoa na kujenga Mbale. Sista ni muuguzi, Mgisu wa Sironko, ndiye anayetuombea njia vijijini. Dereva ni Mteso wa Malaba, anapandisha mizigo kutoka Mombasa. Mimi nashika kalamu. Kiswahili ndicho kinachotuweka meza moja, na ndicho tunachoandikia.

Januari: mizigo

Kikao cha kwanza tulikifanya Budadiri kwenye stoo ya mnunuzi wa kahawa, kwa sababu ana mizani ya kuning'iniza. Kila mmoja alikuja na begi analoona liko tayari. La Afande likasoma kilo 9. La Sista kilo 11. La Dereva kilo 17, na maji alikuwa hajaweka. Likafunguliwa palepale, vijana wa stoo wakaacha kushona magunia wakaja kutazama: mtungi mdogo wa gesi, sufuria mbili, suruali za jinzi, chupa ya chai ya chuma ya lita mbili.

"Dereva, hii chupa itamnywesha nani?"

"Itakunywesha wewe, Afande. Utaniomba."

Jinzi zikatolewa, chupa ikabaki. Kuhusu jinzi hakuna mjadala. Nguo ya pamba ikilowa jasho au mvua inakaa na maji, na juu kule haikauki hadi unarudi nyumbani. Hewa hupoa kwa wastani wa nyuzi sita na nusu kwa kila mita 1,000 unazopanda. Mbale iko kwenye mita 1,150 hivi, kambi ya Mude iko 3,500. Kwa hiyo usiku ambao Mbale wanajifunika shuka kwa nyuzi 17, Mude hesabu inaleta nyuzi 2, na hapo hujaweka upepo.

Nguo za joto tumezipata mitumbani, na sehemu hii nitaiandika kwa kirefu kwenye daftari maana ndiyo inayowatisha watu pesa. Sweta za sufu zipo tele na ni rahisi kuliko mashati, kwa kuwa nani atavaa sufu Mbale? Tatizo ni kuzitofautisha na za nailoni, lebo zikiwa zimekatwa. Mama mmoja muuzaji alituonyesha. Alichomoa uzi kwenye pindo, akauwasha kwa kiberiti. Sufu ilizima yenyewe, ikanuka nywele zilizoungua na kuacha jivu lililosagika kati ya vidole. Uzi wa nailoni uliyeyuka na kuganda kidonge kigumu cheusi. Tangu siku hiyo Sista hatoki nyumbani bila kiberiti, na wauzaji wengine wakimwona wanafunika mali.

Mvua: koti refu lisilopitisha maji, na ndani ya begi mfuko mzima wa nailoni wa kufungia nguo za kulalia. Kifuniko cha begi cha nje kinasaidia, ila msitu wa Elgon unanyesha na kutoka pembeni.

Januari, mwishoni: Wanale

Mazoezi tunafanyia Wanale, ule ukuta unaoinama juu ya mji wa Mbale. Juu ni mita 2,348, kwa hiyo kutoka mjini ni mwinuko wa mita 1,100 na ushei. Siku ya kwanza ya njia ya Sasa inakudai zaidi ya mita 1,600, toka Budadiri kwenye 1,250 hadi kambi ya Mto Sasa kwenye 2,900. Asiyeimudu Wanale akiwa na begi mgongoni hana haja ya kulipia hifadhi.

Sista ndiye aliyeweka kipimo cha mwendo: uwe unaweza kusema sentensi nzima bila kukata pumzi. Ukianza kujibu kwa neno mojamoja, umezidisha. Tulikijaribu kwenye mteremko wote na kinafanya kazi kuliko saa ya mkononi. Dereva, ambaye hanyamazi, alikuwa kipimo chetu sote. Akikaa kimya tunasimama.

Februari: msitu

Safari hii hatukulenga kilele. Tulikwenda kuandika sehemu ya chini tu, kutoka Budadiri hadi Mto Sasa, tukalala huko na kurudi. Watu kadhaa walituuliza sasa mnapanda mlima gani nusu. Jibu langu liko hapo chini.

Budadiri unalipa ada kwenye ofisi ya Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda, unapangiwa mwongoza njia na renja mwenye bunduki, na ukitaka unachukua mpagazi. Mpagazi achukuliwe. Nasema hivi kwa watu wetu wanaoona aibu kubebewa: vijana hawa wa Bugisu wanaijua njia gizani, na ile pesa ndiyo inayowafanya majirani wa hifadhi waone faida ya miti kusimama. Na mzigo wake upimwe kama wako ulivyopimwa, kwa mizani ileile ya kahawa.

Unaweza kupandisha kwa boda hadi Bumasola kama barabara ni kavu. Kuanzia hapo ni miguu. Kwanza migomba na kahawa ya arabika chini yake, halafu vitunguu na kabichi kwenye miteremko ambayo huelewi jembe linashikiliwa vipi. Watoto wanaita, wazee wanasalimia "Mulembe!" na Sista anajibu kwa niaba ya kikundi, kirefu, anauliza habari za mji mzima. Daftari litashauri muda wa salamu uhesabiwe kwenye safari. Ukipita kimya kwenye ua wa mtu Bugisu umepita kama mwizi.

Kisha unakutana na mwamba wa Mudangi. Waongoza watalii wanauita ukuta wa kifo, jina la kuuzia safari. Ni genge kubwa, kweli, na unalipanda kwa ngazi ukiona mapaa ya Bumasola chini ya soli zako, lakini ukishika kwa mikono miwili na begi limekazwa, hakuna cha ajabu. Renja aliwapitisha mmojammoja. Mtu anayeogopa kimo apande katikati, si wa mwisho. Afande alipanda ngazi bila kukatiza hata mbinja aliyokuwa anapiga mdomoni.

Hapo juu ndipo msitu unapoanza, na ndipo nilipoelewa kwa nini tumekuja kupima nusu.

Msitu mchanganyiko unafika kama mita 2,500. Kuna podo, kuna mizeituni ya Elgon yenye mashina ambayo watu wawili hawakumbatii, kuna mbega wanaoruka juu na mikia yao myeupe ikifuata nyuma, na kima wanaokaripia. Udongo ni wa volkano, mzito, mwekundu unaogeuka mweusi kadiri unavyopanda. Ukikauka unabeba. Ukipata mvua ya saa moja unakuwa sabuni. Mizizi inavuka njia kila hatua, imeng'arishwa na miguu ya wakata mianzi, na mzizi uliolowa huwa hauna msimamo kabisa: ukanyage kwa upinde wa mguu, au usiukanyage.

Kati ya mita 2,400 na 3,000 inaingia mianzi. Nilidhani mianzi itakuwa nafuu kwa kuwa mteremko unalegea. Kumbe mianzi ndiyo inayokula muda. Jua haliingii, kwa hiyo tope halikauki hata Februari. Mianzi iliyoanguka inalala kimo cha kiuno. Hupiti juu wala chini bila kuvua begi. Tuliandika saa kwa kila kituo, na kipande hiki kifupi kilitumia muda kuliko mwamba wa Mudangi na mashamba yote yaliyo chini yake tukiweka pamoja. Tulitoka Budadiri saa moja asubuhi, tukafika Mto Sasa saa kumi na nusu, na hiyo ni Februari, wakati wa ukavu, bila mtu mgonjwa.

Hapo ndipo maleewa yanapotoka. Machipukizi ya mianzi wanayakata majirani wa hifadhi kwa makubaliano na mamlaka, wanayabanika kwa moshi, kisha nyumbani yanapikwa kwa karanga zilizosagwa. Mpagazi mmoja alimvulia Sista chipukizi, akalibandua magamba moja baada ya jingine, yenye vinywele vinavyowasha, hadi likabaki kiini cheupe chenye vyumbavyumba, laini, kinachokatika kwa ukucha. "Sista, hili bado chungu. Lazima moshi," akasema, na kulifunga ndani ya jani la mgomba alilotoka nalo kijijini. Nani anabeba jani la mgomba hadi mita 2,700? Mtu anayejua atakachokikuta.

Kauli ya mradi, kwa hiyo, na tuliiandika usiku uleule Mto Sasa kwa mwanga wa tochi ya kichwani: safari ya Wagagai inapangwa kwa ratiba ya msitu. Watu wote wanauliza kilele, baridi ya kilele, picha ya kilele. Anayeshindwa Wagagai huwa ameshindwa siku ya kwanza, akafika kambini saa mbili usiku amelowa, hakula, hakukausha soksi, na kesho yake analaumu mwinuko. Kurasa nyingi za daftari zitakuwa za chini ya mita 3,000. Dereva hakukubaliana, alisema hakuna atakayenunua daftari la tope. Tumelibakiza tope.

Machi hadi Mei: mvua, na viatu

Mvua zimeshika. Hatupandi. Miezi inayofaa njia hii ni Desemba hadi mwanzoni mwa Machi, na tena Juni hadi Agosti, ingawa Elgon haina mwezi unaokuahidi ukavu. Wapo wanaosema mvua ni maji tu. Upande huu wa mlima, ule wa magharibi na kusini, maji hayawi maji tu: tarehe 1 Machi 2010 ardhi iliporomoka Nametsi, wilaya jirani ya Bududa, ikafukia watu mamia, na Oktoba 2018 maafa yakarudi Bududa hiyohiyo, Bukalasi. Tunapita kwenye miteremko ya udongo uleule. Mwongoza njia akisema leo hapana, daftari linasema hapana.

Muda huu tumeumaliza kwenye viatu.

Wapagazi wanavaa gambuti. Wageni wanavaa buti za kupandia. Kila upande unamcheka mwenzake. Tumejaribu vyote Wanale, mvua ikinyesha makusudi. Gambuti zinashinda kwenye tope bila shaka yoyote, unatumbukia hadi kwenye muundi na soksi inatoka kavu. Lakini kwenye kushuka mwamba mguu unaelea ndani, vidole vinagonga mbele, na kucha ya kidole gumba inageuka zambarau. Soksi mbili zinapunguza, hazimalizi. Buti zinashika mwamba vizuri, ila zikilowa mianzini hukauki tena hadi Mbale.

Afande alitaka buti kwa wote kwa sababu jeshi lilikuwa hivyo. Mwongoza njia alitaka gambuti kwa wote kwa sababu mlima uko hivyo. Tulichoafikiana: gambuti hadi Mude, na raba za kufunga kamba zenye soli ya meno, mtumba, ndani ya begi kwa ajili ya siku ya kilele. Zinaongeza uzito kidogo, na sehemu ya uzito huo tumeilipia kwa kuondoa sufuria ya pili ya Dereva.

Ukurasa wa mwinuko ameuandika Sista, nami nimekata maneno ya hospitali. Juu ya Wagagai mgandamizo wa hewa ni kama asilimia 60 ya ule wa pwani, na kila pumzi inaingiza oksijeni kwa asilimia hiyohiyo. Kanuni ya wapanda milima ni kwamba ukishapita mita 3,000 usipandishe mahali pa kulala zaidi ya mita 500 kwa usiku. Kutoka Mto Sasa hadi Mude ni mita 600, tunavuka kanuni kidogo, kwa hiyo Mude ndipo pa kumchunguza kila mtu. Kichwa kuuma kidogo, kukosa hamu ya kula: pumzika, kunywa maji, usipande zaidi hadi kiishe. Kutapika au kuyumba: unashuka, hata kama ni saa saba usiku. Kipimo cha kuyumba ni rahisi. Chora mstari ardhini, mtu atembee kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma, hatua kumi. Asiyeweza, ameshuka. Cheo, umri na pesa aliyolipa haviulizwi.

Juni: hadi juu

Tulilala Budadiri ili siku ya kwanza ianze kabla jua halijatoka. Hilo ni badiliko kubwa kuliko yote tuliyofanya, na halina gharama ila kitanda kimoja. Mudangi tuliupita kukiwa bado na ubaridi, mianzini tukaingia na nguvu, Mto Sasa tukafika saa nane mchana, tukaanika soksi juani. Posho, yaani ugali, na maharage vilikuwa tayari wakati ambao Februari tulikuwa bado tunatambaa chini ya mianzi.

Kutoka Mto Sasa hadi Mude ni safari fupi, ya asubuhi tu, na ni hapo mlima unapojivua. Mianzi inakwisha ghafla. Vinakuja vichaka vya erika, matawi yamevaa kuvumwani za kijani kijivu zinazoning'inia kama ndevu za mzee, halafu navyo vinashuka kimo, na kichwa chako kinatokeza juu ya kila kitu. Baada ya siku nzima ya kuona mgongo wa mwenzako tu, macho hayajui pa kukaa. Mude kuna pango, kijito na vibanda. Maji yachemshwe.

Wote walipita mstari wa Sista. Renja naye alijipanga nyuma yetu apimwe, akatembea vizuri, akapigiwa makofi.

Tuliondoka saa kumi usiku. Mwezi ulikuwa umekwisha. Nyasi zilikuwa na sakitu, umande ulioganda, zinakatika chini ya soli kwa sauti ya karanga zinazomenywa. Ilipoanza kupambazuka tulikuwa katikati ya senesio kubwa, zile zenye shina nene kupita mwili wa mtu na kichwa cha majani juu, na majani yalikuwa yamejifunga kuelekea ndani. Hivyo ndivyo zinavyolinda kichipukizi na baridi kila usiku. Jua likiwaka zinajifungua. Majani makavu hayadondoki, yanabaki kuzunguka shina na kulikinga. Nilipiga magoti kwenye lobelia moja ya chini. Kati ya majani yake kulikuwa na kikombe cha maji, na juu ya maji utando wa barafu mwembamba unaoona kidole chako kupitia. Niliubonyeza, ukapasuka vipande vitatu. Chini yake maji hayakuganda, na ndani kabisa kichipukizi kilikuwa kimekaa salama. Mwongoza njia alisubiri bila haraka. "Papa, zipo nyingi hadi juu," akasema, yaani twende.

Njia inapita karibu na Ziwa la Jackson, dimbwi zaidi kuliko ziwa, lililopewa jina la Frederick Jackson, Mwingereza aliyepita mlimani huku na Ernest Gedge mwaka 1890. Kina babu wa Bagisu wanaouita mlima wote Masaba hawakupewa dimbwi. Afande aliona hili ni jambo la kuchukuliwa hatua.

Baada ya hapo udongo unakwisha. Ni mwamba wa volkano, wa kijivu, mkavu, unaoshika raba vizuri ajabu, na sehemu nyingine changarawe zinazoteleza kinyume chako. Hapa hakuna pa kujificha upepo. Mikono inatakiwa glavu si kwa baridi tu, mwamba una makali. Mteremko wenyewe si mkali, hata mtoto wa sekondari aliyelala vizuri angeupanda, na hilo ndilo tulilotaka kulithibitisha: mtu aliyefika Mude mkavu na mwenye shibe, Wagagai atafika. Sista alipanda kilele akiwa anaeleza habari za harusi ya binamu yake, sentensi nzimanzima.

Juu ni pana, wazi, kuna kibao cha hifadhi na mawe. Unasimama kwenye ukingo wa bonde la volkano, kaldera, upana wake kama kilomita 8, na chini humo nyasi na vijito vinavyokusanyika kuwa Mto Suam, mto unaotoboa ukingo upande wa mashariki na kuwa mpaka wa Uganda na Kenya. Huko kwenye korongo la Suam kuna chemchemi za maji ya moto. Ukiuzungusha macho ukingo wote unaelewa kwamba mlima huu ulikuwa mrefu zaidi sana, ukaporomokea ndani. Inakadiriwa una umri wa miaka milioni 24, mzee kuliko Kilimanjaro mbali kabisa.

Simu ya Dereva ikalia. Ujumbe: mtandao wa Kenya unamkaribisha. Alifurahi kuliko alivyofurahia kilele. Akatoa chupa ya chuma ya lita mbili iliyofungwa ndani ya sweta, chai ya maziwa na tangawizi bado inatoa moshi, akamimina kwenye vifuniko. Akamwangalia Afande. Afande akaangalia Kenya kwa muda. "Naomba chai, Dereva," akasema.

Saa nne asubuhi ukungu ulikuwa umekwishapanda kutoka upande wa Sironko. Hilo ni la kila siku: jua likipasha miteremko, hewa yenye unyevu inapanda na kugeuka wingu, na ikifika adhuhuri kilele huwa hakionekani. Juu ya mwamba mtupu usio na alama, ukungu ndio hatari kubwa, kuliko baridi. Daftari linaweka saa tano kamili kuwa saa ya kugeuka, popote ulipofika.

Kushuka hadi Mude, vidole vyote vizima. Kwa raba.

Hali ya mradi hivi sasa

Rasimu ya njia ya Sasa imekamilika na tumeipeleka kwa waongoza njia wa Budadiri waisome kabla haijaenda kwa mchapaji. Imerudi na nyongeza pembeni kwa kalamu ya risasi, nyingi zikiwa za maji: vijito viwili vya msituni ambavyo hatukuviona kwa sababu Februari vilikuwa vimekauka, na onyo kwamba kilicho karibu zaidi na mashamba kisinywewe hata baada ya kuchemshwa, kwa ajili ya dawa za kunyunyizia kabichi. Wamefuta neno ukuta wa kifo kila lilipotokea na kuandika Mudangi. Tumekubali yote.

Fedha: tumebakiwa na ya kuchapa nakala za kwanza, karatasi nyembamba, jalada la nailoni ngumu linaloingia mfukoni. Mchapaji mmoja wa Mbale ametoa bei tunayoweza kuibeba ikiwa picha zitakuwa nyeusi na nyeupe. Dereva anataka rangi kwenye jalada, na anataka kilele. Mimi nimependekeza mianzi. Itapigiwa kura.

Njia inayofuata ni ya Piswa, kutoka Kapkwata upande wa Sebei. Inaanzia juu zaidi na inapanda taratibu, inawafaa wenye umri na wenye magoti, ila ni ndefu. Afande ana jamaa wa zamani jeshini anayeishi Kapchorwa, wameshaongea kwa simu. Vitu vinavyohitajika kabla ya kuondoka: soksi nene za sufu, mahema mawili ya kukodi, na gambuti namba 44, maana za Afande zimepasuka kisiginoni na Mbale nzima wanazo hadi 43.